Utangulizi: Uzito Kwanza, Kimo Baadaye

Fani ya springi za magari wengi huiingia kwa mlango wa nyuma. Mwenye gari huja kwa fundi pale Kitengela akiwa ameshaamua: "Niinulie inchi mbili." Gari linabeba nini? Hajasema, na mara nyingi hakuna anayemuuliza. Nimeandika utangulizi huu ili msomaji aanze na swali hilo, maana huku kwetu Kajiado gari la safari haliendi tupu.

Mwaka 1678 Robert Hooke wa Uingereza alichapisha kanuni kwamba springi hubonyea kwa kadiri ya nguvu inayoikandamiza: nguvu ikiongezeka maradufu, nayo hubonyea maradufu. Chukua springi ya nyuma inayobonyea milimita moja kwa kila kilo 4. Pakia kilo 400 zaidi juu ya ekseli ya nyuma, yaani kilo 200 kila upande, na gari litashuka milimita 50. Hizo ndizo inchi mbili zenyewe. Kwa gari lililosheheni, basi, kuinua ni kurudisha kimo ambacho mzigo umekwisha kukichukua, na springi haichaguliwi mpaka mzigo huo ujulikane.

Mzigo nao hujificha. Tangi la lita 130 la Land Cruiser 79 likijazwa dizeli ni zaidi ya kilo 100. Kila lita ya maji ni kilo moja. Ongeza bampa la chuma na winchi, hema la juu ya paa, friji, betri ya pili, tairi mbili za akiba. Magari ya kitalii yanayoelekea Amboseli yana zaidi ya hayo: bodi iliyorefushwa, paa la kufunguka, safu za viti, kisha wageni na masanduku yao. Makisio ya macho hayatoshi. Lipakie gari kama litakavyosafiri, dereva na abiria wakiwa ndani, ulipeleke kwenye mizani ya malori, upime ekseli ya mbele peke yake na ya nyuma peke yake. Tarakimu hizo mbili zina thamani zaidi kuliko ushauri wowote utakaopewa dukani.

Hapo tenganisha uzito usiotoka na uzito unaokuja na kuondoka. Bampa na bodi hazishuki garini. Maji na wageni hushuka. Springi iliyochaguliwa kwa safari kubwa ya Desemba italifanya gari lirukeruke mwaka mzima likiwa tupu, tairi zikipoteza mshiko kwenye kokoto na mtikiso ukifika moja kwa moja kwenye chasisi. Mimi nashauri springi ichaguliwe kwa uzito wa siku nyingi. Zile siku chache za mzigo mkubwa zisaidiwe na mifuko ya hewa, au na springi ya ziada inayoguswa tu gari linapolemewa.

Sehemu inayonivutia zaidi ni mwendo wenyewe. Springi iliyobonyea sentimita 10 kwa uzito inaoubeba hupanda na kushuka takriban mara 1.6 kwa sekunde; ikibonyea zaidi, mdundo hupungua. Katika miaka ya 1930 mhandisi Maurice Olley, Mwingereza aliyekuwa ametoka Rolls-Royce na kwenda General Motors huko Marekani, alitumia gari la majaribio lenye vyuma vizito vilivyoweza kuhamishwa mbele na nyuma. Alionyesha kwamba abiria hutulia pale mbele inapodunda polepole kidogo kuliko nyuma. Tuta huanza kwa tairi za mbele. Nyuma ikiwa na mdundo wa haraka, huifikia mbele na gari hukaa sawa. Sasa fikiria gari letu. Kilo 400 zikikaa nyuma, mdundo wa nyuma hupungua, mpangilio huo unavurugika, na gari huanza kuinamisha pua na kuiinua, kuinamisha na kuiinua. Wageni wa kiti cha mwisho hutapika, na dereva hulaumu barabara.

Barabara nayo ina elimu yake. Anayeijua njia ya vumbi ya kutoka Namanga hadi lango la Meshanani la Amboseli anayajua yale makunyanzi yanayotetemesha gari mpaka meno yanagongana. Mtafiti Keith Mather alieleza mwaka 1963 kwamba tairi inayoruka ndiyo inayoyachimba. Mwaka 2007 watafiti Taberlet, Morris na McElwaine walionyesha kwa gurudumu dogo juu ya mchanga kwamba mwendo ukivuka kiwango fulani, makunyanzi hujitokeza hata pasipokuwa na springi. Yakiwa yameachana kwa sentimita 70, gari la kilomita 60 kwa saa hupigwa mara 24 kila sekunde. Springi haimezi mapigo hayo. Huyapokea na kuyarudisha. Kazi ya kuyatuliza ni ya shokomzoba, ambayo huyageuza kuwa joto ndani ya oili yake. Oili ikichemka huwa nyepesi na kutoa povu, na gari huelea. Ndiyo maana zipo zenye gesi ya naitrojeni, inayozuia povu kwa shinikizo, na zenye mwili mnene wa kutawanya joto. Fedha zikiwa chache, zitangulie kwenda kwenye shokomzoba. Tena shokomzoba ilingane na kimo kipya: ikiwa fupi, gurudumu linaponing'inia yenyewe ndiyo hubeba mvuto wote, na hukatika.

Kimo kina gharama zake pia. Kwenye Land Cruiser yenye koili mbele, kuinua hulegeza pembe inayoufanya usukani urudi wenyewe katikati, na gari huanza kutangatanga kwenye lami ya Namanga Road mpaka bushi za kusahihisha zifungwe. Prado na Hilux hupinda viungo vya shafti za mbele kupita walivyokusudia watengenezaji. Paipu za breki huvutwa. Uzito wa paani hupanda juu zaidi. Sioni sababu ya gari la safari kuzidi milimita 50.

Na springi nene haiongezi uzito ambao mtengenezaji ameruhusu. Breki, ekseli, beringi na tairi ni zile zile, hivyo tarakimu za mizani zikivuka kiwango hicho, kinachotakiwa ni kushusha mizigo.

Kabla fundi hajagusa chochote, pima kutoka katikati ya kila gurudumu hadi ukingo wa madigadi, pembe zote nne, gari likiwa limepakiwa, uandike. Pima tena likishafungwa, ufanye alaimenti. Baada ya kilomita 1,000 rudi ukaze boliti za U na kupima mara ya tatu, kwa kuwa springi mpya hushuka kidogo inapozoea kazi, na upande wa dereva huenda ukashuka zaidi kuliko wa pili.