Barua Pepe za Kaaleng na Mtandao Unaosingiziwa

Katika Kaaleng, kaskazini mwa Turkana, kama ilivyo katika vituo vingi vilivyo mbali na Lodwar na Kakuma, mtumishi wa ofisi hutegemea simu kuliko kompyuta, na kwa sababu hiyo hupenda barua za anwani yake ya kazi zielekezwe zenyewe kwenye anwani binafsi ya Gmail au Yahoo ambayo tayari imo simuni. Barua hizo zinapokoma kufika, lawama ya kwanza huuangukia mtandao, ilhali mara nyingi mtandao hauna hatia. Seva, yaani kompyuta inayopokea na kutunza barua za ofisi, huikabidhi seva ya Gmail barua moja kwa moja, na mnara wa simu wa Kaaleng hauhusiki na makabidhiano hayo hata kidogo. Mnara ukizimika siku tatu, barua husubiri huko huko, na mawimbi yakirudi husomwa. Hata seva ya upande wa pili ikiwa imezimika, kanuni za barua pepe huitaka seva inayotuma ijaribu tena na tena kwa muda wa siku nne au tano kabla ya kukata tamaa. Barua isiyoonekana kabisa, wala haimo katika kabrasha la barua taka, basi imezuiliwa na seva fulani, na kwa kawaida kizuizi hicho huacha alama katika kumbukumbu za seva ya ofisi.

Kizuizi chepesi kutambua ni kile cha sera. Tangu mwaka 2020, huduma ya barua ya Microsoft huzuia uelekezaji wa nje mpaka msimamizi auruhusu, na barua iliyozuiliwa hujibiwa kwa namba 550 5.7.520. Uzuiaji huo una sababu yake: mwizi aliyeiba nywila huweka kanuni ya siri ya kuelekeza barua, akaendelea kusoma ankara za ofisi hata baada ya nywila kubadilishwa. Ni busara, kwa hiyo, msimamizi amfungulie njia mtumishi mmoja anayehitaji, badala ya kuifungulia taasisi nzima.

Lililo gumu zaidi ni suala la utambulisho. Kila mwenye kikoa, yaani ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya @, hutangaza orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake, nayo huitwa SPF. Shirika la Nairobi likimwandikia mtumishi wa Kaaleng, kisha seva ya ofisi yake ikaielekeza barua hiyo Gmail bila kubadilisha jina la mtumaji kwenye bahasha, Gmail huona barua ya shirika ikiletwa na seva isiyomo orodhani, mfano wa mtu anayefika benki na hundi ya mwenzake. Barua hiyo yaweza kuokolewa na DKIM, saini ya kidijitali inayosafiri ndani yake, mradi maandishi hayajaguswa. Lakini tahadhari fupi ambayo seva nyingi hubandika juu ya barua zitokazo nje inatosha kuivunja saini hiyo. Mitihani yote miwili ikishindikana, tangazo la tatu, DMARC, laweza kuagiza barua ikataliwe. Tiba yake ni kuandika upya jina la kwenye bahasha, utaratibu uitwao SRS. Hata hivyo SRS peke yake haitoshi mbele ya DMARC, ambayo hulinganisha jina hilo na jina la mtumaji analoliona msomaji, na ndiyo maana saini ya awali haina budi kuachwa salama.

Jaribio moja hutenganisha magonjwa haya mawili: barua moja itumwe na mwenzake wa ofisi hiyo hiyo, na nyingine itumwe na mtu wa nje. Zote zikipotea, sera ndiyo ya kuchunguzwa kwanza. Ikifika ya ndani pekee, utambulisho ndio wa kushukiwa. Wengi hukosea hapa kwa kujitumia barua kutoka Gmail ile ile inayopokea, kwani Gmail huitambua nakala ya barua iliyoituma yenyewe na haiionyeshi kama barua mpya, hata kama uelekezaji unafanya kazi barabara.

Kwa mtumishi wa Kaaleng, pengine njia bora ni kuacha kuelekeza kabisa na kuiunganisha simu na sanduku la ofisi kwa IMAP, utaratibu ambao huziacha barua katika seva huku programu ya simu ikihifadhi nakala za kusomwa mawimbi yakikosekana; na siku anapohamishiwa Lodwar au kuacha kazi, sanduku hufungwa pale pale ofisini, bila kanuni iliyosahauliwa kuendelea kupeleka taarifa za watu, zinazolindwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2019, kwenye anwani ambayo ofisi haina mamlaka nayo.