Pengo la nyuma lisiloonekana na mtu

Hebu, msomaji, mwite mtoto wako wa miaka sita au saba, umsimamishe mwangazani na kumwambia apanue kinywa. Hesabu meno yake ya chini kutoka katikati kuelekea nyuma. La sita, kama limekwisha kuota, ni gego kubwa, pana, lenye mabonde mabonde juu. Waulize wazazi wenzako jino hilo ni la aina gani, na wengi watakujibu kwamba ni la utotoni, litang'oka lenyewe.

La hasha! Hilo ni jino la kudumu. Humea nyuma ya meno ya utotoni bila kungoja jingine ling'oke, kwa hivyo huingia kinywani bila mtu kulipigia vigelegele. Mtoto angali hajui kupiga mswaki sawasawa, na tayari gego hili linapokea chai ya sukari, biskuti na peremende. Si ajabu kwamba kwa watu wengi ndilo la kwanza kuoza, na la kwanza kung'olewa.

Langu la chini, upande wa kushoto, liling'olewa nikiwa kidato cha pili. Aliyeling'oa alinifariji kwa maneno ambayo huenda nawe umewahi kuyasikia: "Ni la nyuma, nani atakuona?" Kweli, hakuna aliyeniona. Lakini meno ni kama abiria walioshikamana ndani ya matatu iliyojaa. Akishuka mmoja, wengine hawabaki walivyokuwa. Gego lililokuwa nyuma ya pengo langu lilianza kuinama mbele, na lile la juu, kwa kukosa mwenzake wa kugongana naye, likateremka polepole. Chakula kikawa kinakwama kwenye nafasi hizo mpya, nami nikazoea kutafunia upande mmoja.

Kuoza si sababu pekee ya watu kupoteza meno. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa uliofanywa nchini Kenya mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba takriban mtu mzima mmoja kati ya watatu alikuwa na meno yaliyooza, lakini karibu wote walikuwa na fizi zinazotoka damu. Damu hiyo tunaipuuza kwa sababu haiumi. Ukoga ukikaa kwenye fizi miaka na miaka, kwa baadhi ya watu mfupa unaoshikilia meno hulika, na jino zima lisilo na tundu hata moja huanza kutikisika. Wavutaji sigara na wenye kisukari wasiodhibiti sukari yao wamo hatarini zaidi.

Kisha kuna meno ya mbele, ambayo aghalabu huondoka kwa kishindo: ajali ya bodaboda, kiwiko uwanjani, au yule kijana anayefungua soda kwa meno ili awachekeshe wenzake. Jino la kudumu likitoka zima, lishike upande wa kutafunia, usiguse mzizi, lisuuze kidogo na ulirudishe mahali pake, au litie ndani ya maziwa baridi na ukimbilie kwa daktari wa meno kabla ya saa moja kupita. La utotoni usilirudishe.

Kuna pia mapengo yaliyotokana na mila. Zamani Waluo waling'oa meno sita ya mbele ya chini, na Wamaasai mawili ya katikati. Wapo wazee walioeleza kwamba kupitia hapo mgonjwa wa pepopunda aliyekazana taya aliweza kunyweshwa uji. Lisilo na utetezi wowote ni lile la kuchokora fizi za mtoto mchanga mwenye homa au kuhara, eti ana meno ya plastiki. Kinachotolewa pale ni chipukizi la jino lake, na mtoto anaweza kufa kwa kuvuja damu au kwa maambukizi.

Sasa, pengo lizibwe kwa nini? Inategemea liko wapi. Mwaka wa 1925 daktari wa meno Mmarekani, Edward Kennedy, aliyapanga mapengo katika makundi manne, na swali lake kuu bado linaulizwa: je, nyuma ya pengo kuna jino lililosalia? Kama lipo, daktari anaweza kutengeneza daraja, yaani jino bandia linaloshikiliwa na majirani wawili. Ubaya wake ni kwamba majirani hao, hata wakiwa wazima, huenda wakachongwa. Kama halipo, daraja la namna hiyo halina pa kuegemea.

Meno bandia ya plastiki ya kuvaa na kuvua ndiyo yaliyo nafuu kwa mfuko. Yakitengenezwa ovyo hukandamiza fizi na kuyadhuru meno yaliyobaki. Yavue usiku, uyasugue na uyaweke majini. Yale yenye fremu ya madini ni membamba na imara zaidi, lakini bei hupanda. Ghali kabisa ni jino linalosimama juu ya skrubu ya titaniamu iliyopandwa ndani ya mfupa wa taya, ufundi ambao Msweden Per-Ingvar Brånemark aliutumia kwa mgonjwa wa kwanza mwaka wa 1965. Huchukua miezi kadhaa kukamilika, na huhitaji mfupa wa kutosha, ilhali mfupa hupungua jino likishang'olewa.

Kuna chaguo jingine ambalo wauzaji hawalitangazi: kuliacha pengo. Mholanzi Arnd Käyser alionyesha mwaka wa 1981 kwamba wengi waliokosa magego ya nyuma kabisa bado walitafuna vya kutosha, na watafiti waliowachunguza watu wa Tanzania miaka ya 2000 walipata hali inayokaribiana na hiyo. Kwa hivyo usione haya kumwuliza daktari, "Nikiliacha, itakuwaje?" Ila swali hilo litanguliwe na jingine, kabla koleo halijashikwa: "Je, jino hili haliwezi kuzibwa, au kutibiwa mzizi?"

Mimi sikuuliza. Leo nikitaka kuliziba pengo langu, itabidi kwanza gego la juu lililoteremka lipunguzwe, na lile lililoinama linyooshwe. Gharama ya kazi hizo mbili inaipita mbali ile ya kuziba tundu.

Juzi nilimmulika kijana wangu wa miaka sita kwa tochi. Gego limechomoza, na kwenye bonde moja kuna kidoa cheusi kama ncha ya kalamu. Jumamosi tuna miadi na daktari.