Mkulima, Una Shughuli Chuo Kikuu

Wakulima wengi wa Embu na Meru hupita mbele ya Chuo Kikuu kila siku ya soko, na hawajaingia langoni hata mara moja. Wakiulizwa, hujibu ya kwamba pale ni mahali pa watoto waliosoma. Jibu hilo lilifaa zamani, wakati chuo kikuu kilipokuwa Nairobi na nauli ya kufika huko ilikuwa shida. Leo sivyo. Mjini Embu, kando ya barabara iendayo Meru, pana Chuo Kikuu cha Embu kilichopata hati yake ya kusimama peke yake mwaka 2016. Wazee wanapajua mahali hapo, maana palikuwa chuo cha Serikali cha kuwafundisha mabwana shamba. Chuka pana chuo kikuu kilichopata hati mwaka 2013, na mwaka huo huo kile cha Nchiru, katika njia ya kwenda Maua, kikawa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru.

Vyuo huwa na siku za kupanda miti, siku za kuwaonyesha watu mashamba ya majaribio, na mikutano ya kuzungumza juu ya kutunza udongo, maji na misitu ili watakaokuja nyuma yetu nao wakute kitu. Twakushauri wewe mkulima wa skimu uende. Lakini usiende kukaa kiti cha nyuma na kupiga makofi. Nenda na swali la shamba lako.

Tazama hali yako ilivyo. Ekari alizogawiwa baba yako sasa zimekatwa mara mbili au tatu kwa ajili ya wana. Hakuna nafasi ya kuiacha ardhi ipumzike kama walivyofanya wazee. Mahindi yanakula nguvu ya udongo kila msimu, na mbolea ya dukani ina bei yake. Mtu wa namna hii hawezi kujaribu kila jambo jipya asikialo, maana jaribio likishindwa watoto watalala njaa. Chuo chaweza kujaribu na kushindwa, na hakuna atakayekosa ugali. Hiyo ndiyo faida ya kuwa nacho jirani.

Mfano uko karibu. Mwaka 2000, katika shule ya msingi ya Kirege huko Chuka, watafiti, baadhi yao wa Chuo Kikuu cha Kenyatta, walianza majaribio ya mahindi. Viwanja vingine vilitiwa samadi, vingine majani ya kaliandra, vingine majani ya tithonia, ule mmea mchungu wenye maua makubwa ya manjano uotao kando ya njia. Vingine vilitiwa majani pamoja na mbolea kidogo ya dukani, na vingine havikutiwa kitu. Wakulima waliitwa wavitazame na kuchagua wenyewe watakalolijaribu nyumbani. Viwanja vya tithonia vilikuwa miongoni mwa vilivyozaa vizuri, na visivyotiwa kitu vilibaki nyuma. Tithonia haina bei, lakini kuikata, kuibeba na kuifukia ni kazi, na mwenye kazi hiyo mara nyingi ni mama wa nyumba. Jambo hilo halionekani katika kiwanja cha majaribio. Anayelijua ni mkulima, na yeye ndiye wa kulisema mbele ya watafiti. Kwa sababu hiyo, bwana, usiende peke yako ukamwacha mkeo nyumbani.

Habari ya kaliandra nayo yafaa ijulikane. Katika miaka ya tisini watafiti wa KARI, ambayo sasa ni KALRO, pamoja na wenzao wa misitu na wa ICRAF, waliujaribu mti huu Embu kuwa chakula cha ng'ombe wa maziwa. Wakulima waliupanda mahali walipoona wenyewe panafaa: juu ya makingamaji, kwenye ua, na kati ya mistari ya nepia, bila kupunguza shamba la chakula. Ilionekana ya kwamba kilo 3 za majani mabichi hufanya kazi ya kilo 1 ya chakula cha maziwa cha dukani. Ng'ombe mmoja akipewa kilo 6 za majani hayo kila siku, hutaka miti kama 500 kwa mwaka mzima. Ukipanda nusu mita kati ya mche na mche, miti hiyo ni mstari wa mita 250, yaani karibu sawa na kuizunguka ekari moja ya mraba.

Lakini usikimbie kupanda kabla ya kuuliza: jambo hili lilijaribiwa wapi? Kaliandra haipendi baridi kali, basi mtu wa Timau asitegemee yatakayomea kwa mwenzake wa Runyenjes. Wala mtu wa Mbeere, penye jua na mvua chache, asiige bila kufikiri. Mtafiti mwema hatachukia swali hilo.

Sasa juu ya siku za kupanda miti. Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni. Kwetu mvua ya masika huwa imekwisha au inakwisha, na mche uliopandwa siku hiyo utangoja mvua ya Oktoba peke yake. Picha hupigwa, wageni huondoka, na mbuzi hufika. Marehemu Profesa Wangari Maathai, aliyekuwa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, alilijua jambo hili. Alipoanza kazi ya Green Belt mwaka 1977 aliwaendea wanawake wa vijijini, wakakusanya mbegu na kuotesha miche wenyewe, na malipo yao madogo yalikuwa kwa mche ulioshika, si kwa mche uliopandwa tu. Basi ukialikwa chuoni, uliza miche ya mwaka jana mingapi ingali hai, na ni nani aliyeitia maji.

Liko jambo jingine. Pengine mwanafunzi atakuja kwako kuomba kipande cha shamba kwa majaribio yake. Mpokee, kwa maana wengi wao ni watoto wa wakulima. Lakini pataneni kwanza, mbele ya shahidi, na iandikwe: nani atalipa vibarua, mavuno ni ya nani, na hasara ikitokea ni ya nani. Tena sharti lililo kubwa ni kwamba akimaliza arudi kuwaeleza ninyi, kwa Kimeru, Kiembu au Kiswahili, alichokiona. Wako wakulima waliopimwa udongo na kuulizwa maswali siku nzima, wasisikie tena neno. Huko si kushirikiana.

Wenye vikundi na waulize pia habari za zabuni. Wanafunzi hula kila siku, na maharagwe yanayotoka karibu hayachomi mafuta mengi ya lori. Kwa mpango wa Serikali ulioanza mwaka 2013, asilimia 30 ya ununuzi wa umma imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu, na vyuo vikuu vya umma vimo. Kikundi kisichoandikishwa hakitapata kitu.

Ukitaka kuanza mwaka huu, itumie hiyo tarehe 5 Juni kwa kitalu wala si kwa shamba. Tafuta mbegu ya kaliandra, iloweke katika maji baridi saa 48, uipande kitaluni mwezi wa Juni, na kufika Oktoba miche itakuwa tayari kwa mvua. Usikate majani kabla ya miezi 9 hivi shambani. Baadaye kata kwa kimo cha mita moja, kisha uache miti ichipue vizuri kabla ya kuikata tena.