MAUMIVU YA KIUNO: DAWA YAKE NI MAZOEZI



Je, kiuno kinakuuma kwa muda wa miezi 3 au zaidi? Hauko peke yako. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa mwaka 2020 watu milioni 619 duniani waliumwa kiuno.

Kwa nini hakiponi?

Kwa watu walio wengi hakuna mfupa uliovunjika wala ugonjwa wa hatari. Lakini mtu akiumwa huogopa kusogea, hulala siku nzima. Misuli inayoshika uti wa mgongo hulegea na viungo hukakamaa. Siku akiinuka kubeba dumu la maji, maumivu huwa makali kuliko jana, naye hurudi kulala. Mashaka na kukosa usingizi huongeza maumivu pia. Hii haina maana kwamba unajisingizia. Maumivu ni ya kweli, na njia ya kuyapunguza ni kusogea.

Mazoezi ya kila siku

Fanya asubuhi na jioni juu ya mkeka au blanketi. Pumua kama kawaida.

1. Lala chali, kunja magoti, nyayo ziwe chini. Shika goti moja, livute taratibu kuelekea kifuani. Hesabu mpaka 10, rudisha. Kila mguu mara 5.

2. Lala vilevile. Kaza tumbo na kukandamiza kiuno kwenye mkeka. Hesabu mpaka 5, legeza. Mara 10.

3. Lala vilevile. Inua makalio mpaka mapaja na kifua viwe mstari mmoja. Hesabu mpaka 5, shusha polepole. Mara 10.

4. Piga magoti na kuweka mikono chini kama mtoto anayetambaa. Nyosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma. Hesabu mpaka 5, kisha badilisha. Kila upande mara 5.

5. Tembea dakika 10 kila siku. Ongeza kidogo kidogo mpaka dakika 30.

Kuumwa kidogo mwanzoni si dalili kwamba mgongo unaharibika. Maumivu yakizidi mpaka kesho yake, punguza idadi, lakini usiache. Nafuu haiji kwa siku mbili. Huja baada ya wiki kadhaa. Ukipata nafuu, endelea.

Kazi za nyumbani

Gawa mzigo wa kuni mara mbili. Jaza dumu nusu. Unapoinua kitu, kiweke karibu na mwili na kukunja magoti. Akina baba na vijana, msiwaachie akina mama peke yao kuni na maji.

Sindano na mikanda

Mwongozo wa WHO wa mwaka 2023 unashauri mazoezi na mafundisho kwa mgonjwa wa kiuno cha muda mrefu. Haushauri mikanda ya kiuno wala dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Basi usiuze mgao wako wa chakula ili kununua sindano sokoni. Watoto watalala njaa, na kiuno kitaendelea kuuma.

Nenda zahanati mara moja ikiwa:

- huwezi kuzuia mkojo au choo, au mkojo hautoki;
- sehemu za siri au katikati ya mapaja pamekufa ganzi;
- mguu unakosa nguvu;
- una homa, unakonda, unatoka jasho usiku au una kikohozi kisichokwisha (kifua kikuu huweza kuingia kwenye uti wa mgongo);
- maumivu yalianza baada ya kuanguka au kupigwa;
- maumivu hayakuachi usiku hata ukiwa umelala.

Mama mjamzito amwone mkunga kabla ya kuanza mazoezi.

Ukishasoma karatasi hii, mpe jirani. Asiyejua kusoma, msomee na umwonyeshe mazoezi.