Pakiti ya Dawa Kwa Ukuta wa Keja

Zusha keja yoyote ya komredi hapa Kabianga, Kericho, ucheki ukuta. Kalenda ya agroveti, bango la Arsenal, na ile simba imeandikiwa maneno ya motisha. Kila keja ni hizo hizo. Na kwa droo, jo, kuna printi kali imelala tu: pakiti tupu ya Coartem, dawa ya malaria.

Wasee hudhani malaria ni ya Kisumu, lakini mashamba ya majani chai ya Kericho yalipigwa na milipuko mibaya miaka ya tisini. Na baadaye hii pakiti ikapitia maboma mengi. Ishike vizuri. Rangi zake si za kupiga luku. Njano ni ya mtoi wa kilo 5 hadi 14, bluu ya anayemfuata, kahawia ya kijana, kijani ya mtu mzima: tembe 24, nne nne, mara sita kwa siku tatu. Na michoro imepangwa hadi gogo asiyesoma anashika rada bila kuuliza mtu. Msee alikaa chini akachora hiyo kitu akafikiria sana, na hakuna mwenye humpea heko.

Damien Hirst, msanii fulani Muingereza, aliona hii form mapema. 1999 alitoa printi 13 za skrini, akaziita The Last Supper. Ukiwa mbali ni maboksi ya dawa. Ukisonga unapata jina la dawa limetolewa, limewekwa la dishi: Corned Beef, Sausages, Chicken. Jina la kampuni nalo limekuwa la Hirst mwenyewe. Hapa kwetu ingekuwa Mursik, miligramu 500, tikisa kabla ya kunywa. Ni ya kuchekesha, sikatai, lakini ukishacheka imeisha.

Mimi niko mbogi ya Wangechi Mutu. Dem wa Nairobi, alizaliwa 1972. Mwaka 2006 alichukua michoro ya kitabu cha kitambo cha madaktari, yenye magonjwa ya mfuko wa uzazi, akatengeneza kazi 12 za printi na vipande vya kubandika. Juu ya michoro hiyo akaweka macho, midomo, sura zimekatwa kwa magazeti. Sasa unacheki karatasi na karatasi inakucheki. Daktari alikuwa amechora kiungo, mwenye kiungo akasahaulika. Wangechi akamrudisha na hasira yake yote. Hiyo ndio tofauti ya kucheza na lebo na kuwa na kitu ya kusema.

Na ukitaka kuchapa hiyo pakiti ya Coartem, mashine si story. Wasee huku wanajua skrini, ju kura za wanafunzi zikikaribia ndio huwachapia wagombea tisheti. Ni njia ile ile ya Hirst. Fremu ya mbao, kitambaa cha wavu kimevutwa kikakaza, unapaka dawa ya kushika mwanga, unalaza mchoro mweusi juu, unawasha taa. Pale mwanga umefika panaganda. Pale mchoro umezuia panaoshwa na maji, na hapo ndipo wino utapenya ukivuta raba. Kila rangi na fremu yake, so pakiti ya rangi nne ni wera, si mchezo. Huku usitegemee jua, mvua ya mchana hukam bila kubisha. Tumia balbu.

Majina ya kampuni toa, weka lako. Michoro ya siku tatu badilisha: asubuhi chai na mandazi, jioni kuchuna majani na mathe, chochote chenye hukuweka hai. Na pakiti iwe tupu kihalali. Ukipata msee ameacha dozi katikati ndio apate foili ya sanaa, mrudishe amalize kwanza.

Bei anza na soo tatu. Wasee wa nasing watataka kwa deni mpaka mkopo wa HELB uingie.