Maji Si Chanzo: Kufundisha Sababu za Vita vya Maji Maji kwa Tamthilia ya Kinjeketile

Mwalimu wa fasihi anayefundisha Kinjeketile (1969), tamthilia ya Ebrahim Hussein, hujikuta, apende asipende, akifundisha historia. Hana budi kueleza kwa nini watu wa kusini mwa Tanganyika walitwaa silaha dhidi ya Wajerumani mwaka 1905. Nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu niliwauliza wanafunzi swali hilo, na takriban wote wakaandika jibu moja: vita vilizuka kwa sababu watu waliamini kwamba dawa ingegeuza risasi kuwa maji. Kosa halikuwa lao. Nilikuwa nimetumia vipindi vitatu kueleza maji, na chini ya kipindi kimoja kueleza pamba.

Jibu hilo linachanganya mambo matatu ambayo Kiswahili chenyewe hutuwezesha kuyatenganisha, yaani chanzo, kichocheo na nyenzo.

Chanzo ndicho kinachostahili kukawiwa. Mwaka 1898 utawala wa Wajerumani ulianza kutoza kodi ya nyumba, na asiyekuwa na fedha ilimbidi kuilipa kwa jasho lake. Kuanzia mwaka 1902, chini ya Gavana Adolf von Götzen, yakaanzishwa mashamba ya pamba ya pamoja, kila jumbe akiwa na shamba lake la kusimamia. Kanuni ilitaja siku 28 za kazi kwa mwaka. Utekelezaji ulikuwa mambo mengine. Mapato yaligawanywa baina ya wafanyakazi, jumbe na chombo cha kuuza pamba, hata mlimaji akaambulia kiasi kidogo mno. Huko Uzaramo wapo waliokataa kuupokea ujira huo. Isitoshe, pamba ilidai mikono ya watu wakati uleule mashamba yao ya chakula yalipoihitaji. Mwanafunzi aliyelelewa kijijini huielewa hoja hii upesi kuliko hoja yoyote ya siasa.

Juu ya jumbe alikuwapo akida. Wengi wa maakida walikuwa watu wa pwani, Waarabu na Waswahili, wageni kwa wale waliowatawala, na kiboko kilikuwa sehemu ya utawala wao.

Kichocheo ni tukio fupi: mnamo Julai 1905, huko Nandete katika milima ya Umatumbi, watu waling'oa mimea ya pamba. Kitendo hicho kilikuwa tangazo la vita.

Maji, basi, ni nyenzo. Tangu mwaka 1904 watu wa koo na makabila mbalimbali walikuwa wakifunga safari hadi Ngarambe kwa Kinjeketile Ngwale, wakirudi makwao na dawa pamoja na habari za siri zilizopita kwa minong'ono. Bila maji, pamba ingalikuwapo na viboko vingalikuwapo, ila yamkini kila jamii ingalipigana peke yake na kushindwa peke yake. Ushahidi ninaowapa wanafunzi ni huu: Kinjeketile alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa vichanga, na bado mapigano yaliendelea hadi mwaka 1907. Chanzo kingekuwa mtu mmoja na dawa yake, kamba ile ingetosha.

Mambo huwa magumu zaidi tufikapo Ungoni. Wangoni walijiunga mnamo Septemba 1905, ilhali pamba haikuwa kiini cha manung'uniko yao. Watawala wao walikuwa wamenyang'anywa mamlaka tangu Wajerumani walipoingia Songea mwaka 1897. Maji yalikuwa yaleyale, chanzo kilikuwa kingine. Darasa linalolazimishwa kutoa sababu moja ya vita hivi litakuwa limesahau nusu ya wapiganaji.

Je, tamthilia ndiyo imewapotosha wanafunzi? La hasha. Hussein mwenyewe alitahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni kiumbe wa sanaa, si nakala ya mtu wa historia. Mgogoro unaomshughulisha ni wa mtu aliyetamka neno, kisha neno likamshinda nguvu. Maji hayana budi kutangulizwa. Hata hivyo, njaa na kazi ya shuruti zimo katika sehemu za mwanzo za mchezo. Ni sisi tunaozipitia mbio ili tufike kwenye kupandwa na Hongo.

Aidha, napendekeza tamthilia isomwe sambamba na utenzi wa vita hivyo uliotungwa na Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, uliochapishwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya W. H. Whiteley. Humo vita vinatazamwa kutoka pwani, na wapiganaji hawaonekani kama wanavyoonekana jukwaani. Nilipozieleza tofauti hizo, msichana mmoja aliuliza: "Mwalimu, kwani yule akida alikuwa akiwaamrisha kwa lugha gani?"

Nilimjibu kwamba ni Kiswahili. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena, "Na neno maji?" Nikamwambia kwamba hilo nalo ni Kiswahili. Kengele ililia kabla sijamaliza kueleza, nasi tukaanzia hapo siku iliyofuata.