Ulinzi wa vioo vya magari: fedha zinakwenda kusikofaa

Mwenye gari wa Hadado, kaunti ya Wajir, anayeshuka kupitia mji wa Wajir na Garissa hadi Eastleigh, Nairobi, hujiandaa kwa tinti, alamu na kuchonga namba ya gari kwenye vioo. Mafundi wana wateja. Hata hivyo, fedha hizo zinakwenda kusikofaa. Nyumbani gari hulala ndani ya boma na kila jirani anamjua mwenyewe. Hatari iko pale linapoegeshwa mjini, na huko ndiko mwenye gari anakobana shilingi: analiacha kando ya barabara badala ya kulipia uwanja wenye mlinzi.

Kioo cha mbele kina utando wa plastiki katikati, kwa hiyo kikipasuka hubaki kimeshikana. Cha mlangoni hupashwa moto na kupozwa ghafla kiwandani. Pigo moja la kitu chenye ncha hukisambaratisha chembechembe. Tinti ya kawaida haibadilishi hilo. Inaficha kilichomo, lakini mwizi hufuta vumbi la safari kwa kiganja, akakinga jua kwa mikono na kuchungulia. Namba iliyochongwa huwafaa wenye hofu ya kuibiwa vioo vya pembeni, vinavyouzwa kama spea. Anayetaka mkoba haijali.

Mkoba huo ndio kiini cha jambo. Mfanyabiashara mmoja wa mifugo, ambaye hakutaka kutajwa, analalamika kwamba wenye magari wanalaumiwa kwa kubeba fedha taslimu kana kwamba wanapenda. Kikomo cha fedha kwa simu ni shilingi 500,000 kwa siku, na lori moja la ngamia linazidi hapo. Tena, anasema, mfugaji anayetoka malishoni kusiko na mtandao anataka noti mkononi. Benki ziko mbali na soko halisubiri. Lalamiko hili linaeleza mengi kuliko matangazo yote ya alamu.

Afisa mmoja wa usalama, naye bila kutajwa, anasema visa vya kuvunjiwa vioo ni vichache kwenye kitabu cha kituo. Huenda ni kweli, kwenye kitabu. Sheria ya Kenya, Sura ya 405, inadai bima ya kufidia wengine tu, nayo hailipi kioo chako. Asiye na bima kamili hana sababu ya kufuata abstrakti ya polisi: anafagia vipande, anabandika nailoni, anatafuta kioo cha mitumba. Hesabu ya kituo basi inapima bima kuliko wizi, na haifai kutuliza mtu.

Wapo watakaosema mlinzi mwenyewe anaweza kula njama na wezi. Anaweza. Lakini uwanja unaotoa risiti una cha kupoteza jina lake likiharibika. Kijana wa kando ya barabara hana. Kuhusu gharama, gari lililovunjwa kioo Garissa, takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, linaweza kungoja spea hadi siku ya soko ikapita.

Barabara nzuri na mawakala wengi wa fedha huenda vikapunguza noti garini, ingawa dalili bado ni haba. Kwa sasa, usiache hata mfuko mtupu kwenye kiti, lipia uwanja, na ukivunjiwa kioo andikisha kituoni hata kama huna bima kamili.